Sauti ya Mama Kwenye Ridim

Kwanza niseme jambo moja ili tusipotezeane muda. Mimi si mwizi. Watu wa kwetu Lukozi, huku milimani Lushoto, wameniita majina mengi mwaka huu, lakini mwizi hapana, hilo sikubali. Nimeimba rege na dancehall miaka kumi na tisa na sijawahi kuchukua hata mstari mmoja wa mtu. Yaliyonipata mpaka leo siyaelewi, kwa hiyo nikirudi nyuma na kwenda mbele mnivumilie, anayewasimulia mwenyewe kachanganyikiwa.

Jina langu Twaha. Jukwaani naitwa Rasi Mlima, ila nyumbani wananiita Rasi Kabichi, kwa sababu ujanani nilikuwa nashuka Tanga juu ya lori la kabichi, na nikifika nawagawia maprodyuza mbili mbili ili wanisikilize. Kabichi walikula. Kusikiliza hawakusikiliza. Nimeimba kwenye baa yenye watu wanne, wawili wao wahudumu. Nimekaa Dar miaka sita, Arusha mitatu. Wimbo wangu mmoja ulipigwa redioni wiki mbili, ukazimika kama kibatari kilichoisha mafuta. Nywele zilinifika kiunoni, jina halikufika popote. Muda wote huo mke wangu Husna yuko Lukozi na mama yangu, Mwanaisha, wanalima viazi na maharage na kumlea binti yetu Hidaya, ambaye sasa ana miaka kumi na minne.

Basi mwezi wa pili nikarudi na begi moja, nikamwambia Husna, muziki basi. Husna akanionyesha tu lilipo jembe. Ndivyo alivyo, hana maneno ya ziada.

Siku ya tatu nikachelewa kuamka. Baridi ya kule mnaijua, ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi. Husna alikwenda shamba, Hidaya shuleni, na mama bila shaka alidhani na mimi nimetoka. Alikuwa uani anapura maharage. Maharage makavu yamelazwa juu ya turubai, yeye amekaa na fimbo anayapiga yatoke kwenye maganda, kazi niliyoiona tangu nazaliwa. Lakini siku ile nikiwa kitandani nikaisikia ile fimbo kwa mara ya kwanza. Ilishuka mara mbili, ikasita, ikashuka mara moja. Mara mbili, ikasita, mara moja. Nikakaa kitako. Lahaula! Miaka kumi na tisa nahangaika na mashine za watu kutafuta mdundo wa namna hii, kumbe uko uani kwetu!

Na juu ya ile fimbo mama alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini, Kishambaa cha zamani ambacho nusu yake sikuipata. Mama yangu haimbi, jamani. Harusini anapiga vigelegele tu. Sikuwahi kujua ana sauti kama ile, nzito, imekwaruza kidogo mwishoni, sauti inayokufanya utake kuomba msamaha hata kama hujakosa. Nikachukua simu, nikaiweka dirishani taratibu, nikarekodi dakika nne. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Mchana nikashuka Lushoto mjini kwa Alen. Alen ni prodyuza wangu na rafiki yangu, ana studio nyuma ya duka la mbegu, chumba kimoja kimefunikwa magodoro kutani. Akasikiliza mara moja, akavua kofia. Tukafanya kazi siku tatu. Fimbo ya mama akaifanya ndiyo ridim yenyewe, yaani mdundo unaobeba wimbo, akaweka besi chini yake, na sauti ya mama akaiacha katikati kama ilivyo, mimi nikizunguka pembeni na mistari yangu. Tukauita "Mavuno". Mama sikumtaja. Nilitaka iwe zawadi, nimtaje siku nikisimama mbele ya watu wengi, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele na kanga mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na mniambie ubaya wake uko wapi.

Wimbo ukapaa. Wiki ya pili kila bodaboda ya Lushoto inaupiga. Wiki ya nne nikapigiwa simu kutoka Tanga, tamasha kubwa la mwisho wa mwezi wa tano, Rasi Mlima aje na "Mavuno". Mimi, ambaye nilikuwa nimeshaonyeshwa jembe! Redio ya Tanga nayo ikataka mahojiano. Nikapanda Lukozi siku ya gulio nikitembea kifua mbele kama jogoo.

Sokoni nikakutana na Bibi Sabra. Huyu ni bibi mzito, ndiye mkubwa wa makungwi wa kwetu, wale wanaowafunda wasichana wakishavunja ungo. Mama yangu alikuwa wa pili wake kwa miaka zaidi ya ishirini. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti.

"Shikamoo bibi Sabra. Ni Twaha, wa Mwanaisha."

Akanitazama, akajifunika kanga usoni, akaenda zake. Jamani, nyie mnajua maana ya kusalimu mtu mzima akakunyima marahaba hadharani? Ni afadhali akupige kofi. Nikageuka, akina mama wauza karoti wote wameinamia karoti zao. Msichana mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Kijana wa bodaboda akapita na "Mavuno" ikilia kwa nguvu, na mwanamke mzima, mtu na heshima zake, akamrushia kiazi.

Nikaenda nyumbani, nikamkuta mama ameketi jikoni, hajawasha moto. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, akaniuliza kama nimekula. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, baba." Mama yangu saa nane mchana hajawasha moto, halafu hakuna kitu!

Nikampigia Alen. Nilitegemea aniambie ni fitina za Lukozi, wivu, watu wa kwetu hawapendi mtu apande.

"Hata mama yangu kaukataa wimbo," Alen akasema.

Mama yake Alen ni mama Sesilia, Mlutheri, mwimba kwaya, hata kanga havai ila siku za msiba. Alikuwa anapiga pasi, redio ikatoa "Mavuno", akaizima na kuchomoa waya ukutani. Akamwambia mwanawe, mtoto wa watu kaharibu. Alen akamuuliza kaharibu nini. Akaambiwa endelea na kazi zako.

Sasa hapo kichwa ndipo kilipovurugika kabisa. Kama ni dini, basi ni dini gani hiyo inayowakasirisha Bibi Sabra na mama Sesilia siku moja? Kama ni matusi, mbona vijana wa kiume wote wanaimba na hakuna aliyesikia tusi? Nikausikiliza wimbo wangu mwenyewe mara ishirini. Maharage, mvua, mgeni, mlango. Hayo ndiyo niliyoyapata. Sasa mlango nao una kosa gani?

Jioni nikamweka Husna kitako.

"Mke wangu, niambie."

"Baba Hidaya, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Basi sikujibu."

Nikafoka. Nasema kweli, nilifoka, nikapiga na sufuria teke. Husna akaiokota, akaiweka mahali pake, ndipo akaongea, na alipoanza akaongea kwa ukali kuliko mimi.

"Mwezi wa sita shule zikifungwa Hidaya anaingia ndani kufundwa, yeye na wenzake saba. Ulikuwa unajua? Hukuwa unajua, ulikuwa Dar unasuka nywele. Mama yako amewafunda wasichana wa milima hii miaka yote, amenifunda na mimi. Sasa ametolewa. Haruhusiwi kukanyaga hata kizingiti. Wanasema yeye ndiye kakupa ule wimbo. Na Hidaya wanasema hawampokei, maana nyumba yenyewe inavuja siri. Mtoto wako atabaki nje peke yake, wenzake wote wanaingia. Akija kuolewa, akizaa, kwenye ngoma yoyote ya wanawake, yeye atakaa nje na watoto wadogo. Umeelewa?"

"Kwani ule wimbo unasema nini?"

"Sijui."

"Unajua!"

"Najua. Na wewe hutajua."

Usiku huo sikulala. Si kwamba niliogopa, nilikuwa na hasira. Mtu akikuambia umekosa, si akuonyeshe kosa? Hata polisi wanakusomea shtaka.

Asubuhi nikaenda kwa mjomba Saidi, kaka yake mama, mzee wa miaka sabini na mbili, nikamkuta anafunga kamba ng'ombe wake. Nikamweleza yote. Nikamuuliza, mjomba, wewe mtu mzima, ule wimbo ni wimbo gani?

Akacheka mpaka akakohoa.

"Twaha, mimi nimezaliwa na mwanamke, nimeoa wanawake wawili, nina binti watano. Sijui. Baba yangu hakujua. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na huu usiku ni wao, si wetu. Ulipomsikia mama yako anaimba, ulikohoa?"

"Kukohoa?"

"Mwanamume akisikia wanawake wako peke yao, anakohoa. Hajaingia bado, yuko mbali, anakohoa. Wao wanabadili wimbo. Ukipita unakuta wanaimba mambo ya mvua. Mbona uliyajua haya ukiwa mdogo?"

Nikasimama pale na ng'ombe. Nilikuwa nayajua. Wallahi nilikuwa nayajua. Nikiwa mdogo nilikohoa mpaka koo likauma, kila nikipita nyuma ya nyumba ya mtu. Kumbe mjini unapoteza vitu bila kuona vinapodondoka. Kule dirishani nilifikiria besi tu.

Nikashuka kwa Alen, tukaufuta wimbo mtandaoni siku hiyo hiyo. Alen alitaka kulia. Lakini kuufuta kulisaidia nini? Ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, na simu ya mtu huwezi kuipura kama maharage. Watu wa Tanga wakapiga simu: tamasha bado wiki chache, wanautaka huo huo, sio mwingine. Nikasema nitawajibu.

Kisha Bibi Sabra akaniita. Alimtuma Husna, na Husna akaniambia sharti: niende kesho saa nne asubuhi, nikae nje ya mlango, mgongo nimewapa wao, uso shambani. Nisigeuke.

Usiku ule nilipanga maneno yangu vizuri. Nitasema kweli yote. Mama hakunipa kitu, mimi ndiye niliyeiba... nimesema mimi si mwizi, lakini kwa ajili ya mama nilikuwa tayari hata kuitwa hivyo. Nitasema niliweka simu dirishani, hakujua, mnihukumu mimi. Nikajiona shujaa. Asubuhi, tukitoka, mama akanishika mkono. Tangu mambo haya yaanze hakuwa amenishika.

"Twaha, ukiulizwa usiwe na maneno mengi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamwokoa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayeelekea kwenye shimo.

Nikakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa Bibi Sabra. Mbele yangu kabichi zake, mistari na mistari mpaka bondeni. Nyuma yangu nawasikia wanawake wanaingia, mmoja mmoja, wanaketi. Wengine niliwatambua kwa kikohozi. Sauti ya mama Sesilia niliisikia pia, kapanda kutoka Lushoto mjini! Bibi Sabra akaanza na mama, wala hakunisalimu.

"Mwanaisha. Sauti iliyo kwenye wimbo wa huyu, ni yako?"

Nikafungua mdomo nimsaidie. Mama akawahi.

"Si yangu."

Mama yangu hasemi uongo. Mama yangu aliwahi kurudi gulioni kilomita sita kumrudishia mtu debe la viazi lililozidi. Na ilikuwa ni yake, sauti ile ile, ikiongea nyuma yangu, na kila mwanamke mle ndani aliisikia na kuijua, wameimba naye miaka ishirini! Nikangoja mmoja wao apige kelele. Hakuna aliyesema kitu.

Nilichanganyikiwa vibaya. Nikasema hawa wote vichaa, au mimi. Kisha, taratibu, katikati ya zile kabichi, nikaanza kuona, na niliyoyaona sikuyapenda. Ile kweli yangu ya kishujaa isingemwokoa mama. Kama aliimba, basi aliimba mahali ambapo sikio la kiume liliweza kusikia, na hilo kwao ni kosa lile lile, awe amejua au hakujua. Mlango wa mama kurudi ulikuwa mmoja tu, ni sauti isiwe yake. Bibi Sabra aliufungua kwa lile swali. Mama kaupita. Kabaki mpumbavu mmoja nje, ana kweli yake mkononi, na akiisema tu, mama yake anakuwa mwongo mbele ya wenzake na mjukuu anabaki nje.

"Na wewe Twaha," Bibi Sabra akasema. "Sauti ile umeitoa wapi?"

Mnisikilize vizuri. Miaka kumi na tisa nilitafuta kitu kimoja tu, wimbo ambao watu wakiusikia watauliza huyu ni nani. Nikaupata. Na jibu la huyu ni nani lilikuwa mama yangu. Hakuna kitu duniani nilichotaka kukisema kwa sauti kubwa kuliko hicho.

"Ya mashine, bibi," nikasema. "Alen anayo mashine inatengeneza sauti za watu. Hata za wazee."

Nikasikia mtu ndani anavuta kamasi, sijui nani.

"Mashine," Bibi Sabra akasema.

"Ndiyo bibi."

"Basi hiyo mashine izimwe. Na ukayaseme hayo hayo huko redioni ulikotaka kusema mengine. Kwa mdomo wako."

"Ndiyo bibi."

"Marahaba," akasema, ile ya sokoni, aliyoninyima.

Nikaenda Tanga. Redioni mtangazaji, kijana mchangamfu, akaniuliza swali nililoliota maisha yangu yote: Rasi Mlima, ile sauti ya mama wa milimani, inayowaliza watu, ni ya nani? Nikamwambia ni ya mashine. Akasema haiwezekani. Nikamwambia ni ya mashine, ndugu yangu, kompyuta tu, hakuna mama yeyote. Uso wake ulivyosinyaa! Wasikilizaji wakatuma ujumbe kwamba wamedanganywa, wengine wakaniita tapeli, rasta feki. Kwenye tamasha nikapanda na nyimbo zangu nyingine, uwanja mzima unaita "Mavuno! Mavuno!" Niliimba mbili, ya tatu chupa za maji zikaanza kuruka, nikashuka. Alen hakunilaumu. Hajanipigia simu tangu siku hiyo lakini hakunilaumu.

Mwezi wa sita Hidaya akaingia ndani na wenzake saba. Mama ndiye aliyemshika mkono kumwingiza. Mimi nililima. Nililima viazi vya watu watatu kwa zile siku, na kila nikipita karibu na nyumba ya Bibi Sabra nilikohoa kama mgonjwa wa kifua, nikiwa bado mbali, mpaka mjomba Saidi akaniambia inatosha, utatapika.

Siku ya kutolewa wali, wale wasichana waliofundwa, wilaya nzima nadhani ilikuja. Wakatoka wanane wamefunikwa kanga, wamepakwa mafuta, wanatazama chini, makungwi mbele yao, na mama yangu akiwa wa pili kutoka kwa Bibi Sabra, mahali pake. Wakaimba nyimbo za hadharani, zile ambazo hata sisi tunaziitikia. Niliitikia kwa nguvu zote. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, mtu asije akasema Twaha alinuna.

Watu walipokuwa wanakula, nikampata Hidaya peke yake nyuma ya jiko, anakunywa uji. Mtoto huyu hajawahi kunificha kitu. Nikiwa Dar alikuwa ananipigia kwa simu ya mama yake kuniambia wimbo gani ni mzuri na upi nimechemsha, bila huruma yoyote. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, mwanangu, mimi sitaki siri ya mtu. Sitaki maneno. Hukuwepo, ila sasa wimbo unaujua; nataka kujua kitu kimoja tu, na nitakufa nacho. Siku ile bibi yako anapura maharage, alikuwa anamwimbia nani? Alikuwa na furaha, au alikuwa analia?

Hidaya akaweka kikombe chini. Akanitazama, na macho yalikuwa yale yale ya Husna, na ya Bibi Sabra, na ya mama yake Alen.

"Baba," akasema polepole, "bibi amesema ukiniuliza, nikuambie ile sauti ni ya mashine."

Kisha akapiga goti kidogo, akasema "Shikamoo baba," akainuka akawafuata wanawake wenzake ndani. Nikaitikia marahaba.